Kibaraza cha Mwalimu: Historia Isomwe Nyumbani, Watoto Waulize

Alhamdulillahi kitabu chetu cha mwaka kimetoka tena na kibaraza hiki kimepewa nafasi yake ya kawaida. Mara iliyopita tulizungumza juu ya kuwasomesha watoto kusoma na kuandika Kiswahili. Tangu siku hiyo nimepigiwa simu na kusimamishwa arusini na mazikoni kwa swali moja: "Mwalimu, tununue kitabu gani cha historia ili watoto wajue walikotoka?"

Wengine wanauliza kwa sababu watoto wao wanasomeshwa nyumbani, jambo linaloruhusiwa hapa England kwa sheria ya elimu ya mwaka 1996. Wengine watoto wao wanakwenda skuli kama kawaida, lakini historia wanayosoma huko haifiki kwetu ila kwa kupita njia tu. Jibu langu kwa wote ni moja. Msinunue kitabu kimoja. Tafuteni viwili visivyokubaliana, mkae chini pamoja na watoto, msome kwa sauti, kisha muulizane. Nitakuelezeni namna nilivyolipanga darsa hilo mwaka huu na watoto saba wa nyumba tatu, wenye umri wa miaka tisa mpaka kumi na tano, ili anayetaka kuiga aige.

Sisi wa rika langu tulisomeshwa historia kwa kukariri. Mwalimu aliandika ubaoni miaka na majina, sisi tukanakili, na baada ya mtihani kila kitu kikayeyuka. Lakini chuoni tulipata kitu chengine. Maalim alipotusomea Hadithi alianza na majina ya wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka mwisho. Sisi watoto tulitaka afike upesi kwenye maneno yenyewe. Yeye akitwambia tusubiri, kwani maneno hayana thamani mpaka ajulikane aliyeyaleta, alikuwa mtu wa namna gani, na kama kweli alikutana na huyo anayedai kusikia kwake. Nilipokuja kusomesha historia skuli nikaona kuwa ile sanadi tuliyoichoka utotoni ndiyo kazi yote ya mwanahistoria. Basi watoto wetu wakifundishwa kuuliza sanadi, nusu ya darsa imekwisha.

Katika darsa letu kila mtoto ana daftari, na kila ukurasa umegawiwa safu tatu zilizoandikwa juu KAONA, KASIKIA, KAKISIA. Tunaposoma habari yoyote, mtoto anaamua aiweke safu gani na lazima aseme kwa nini. Huo ndio mchezo wetu, na nakuhakikishieni kuwa watoto wa miaka tisa wanaugombania kama karata.

Tumekutana Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, saa moja na nusu, vikao 24 kwa mwaka mzima. Kila kikao kina kurasa sita au saba za kusoma, wala hazizidi, na walau ukurasa mmoja uwe wa Kiswahili usomwe na mtoto mwenyewe, hata kama anajikwaa. Nusu ya pili ya wakati ni ya mazungumzo. Chai na vitafunio vinakuja katikati. Hakuna mtihani. Badala yake, mwisho wa kila mwezi mtoto mmoja anasimama na kueleza habari moja mbele ya wazazi, nao wana haki ya kumuuliza sanadi.

Vikao viwili vya mwanzo hatukufungua kitabu cha historia kabisa. Cha kwanza kilikuwa cha upepo. Nilitandika ramani ya Bahari ya Hindi sakafuni, nikawapa watoto miezi ya kaskazi na miezi ya kusi, nikawaambia: nyinyi ni manahodha wa Maskati, mnataka kwenda Unguja kuuza tende na samaki mkavu kisha mrudi kwenu. Mnaondoka lini, na mnarudi lini? Walihesabu wenyewe wakaona kuwa jahazi linashuka na kaskazi na haliwezi kurudi mpaka kusi lianze kuvuma, kwa hivyo baharia hana budi kukaa pwani miezi kadhaa. "Anakaa wapi muda wote huo?" aliuliza mmoja. Mwengine akajibu, "Labda anaoa." Wazee waliokuwa jikoni walicheka, lakini mtoto alikuwa amegusa historia ya pwani yote kwa neno moja.

Kikao cha pili kilikuwa cha maneno. Meza, leso, bendera, gereza na karata tumeachiwa na Wareno. Gari na bima zimetoka Uhindini, serikali imetoka Uajemi. Neno shule limetoka kwa Wajerumani, na sisi wa Unguja tunasema skuli kwa sababu tulitawaliwa na Waingereza. Watoto walikwenda nyumbani wakawa wanawauliza mama zao kila kilichomo kabatini kimetoka wapi.

Baada ya hapo tukaingia Kilwa. Tarikhi ya Kilwa tunayo kwa njia mbili: moja ya Kiarabu, ambayo nakala yake imehifadhiwa British Library hapa London, na moja ya Kireno, iliyomo katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552. Humo mna kisa cha Ali bin al-Hasan, aliyekuja kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo. Katika ile ya Kiarabu alitakiwa nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Tulikusanya kanga za nyumba tatu, tukazifunga ncha kwa ncha, tukazunguka bustani nyuma ya nyumba. Hazikutosha. Ndipo mjadala ukaanza: je, hiki ni kisa cha kweli? Kama si cha kweli, nani alifaidika kikisimuliwa? Msichana wa miaka 13 alisema kuwa mtu anayetaka kuonyesha kuwa kisiwa ni chake kwa haki, na kwamba hakukinyang'anya, atapenda sana kisa cha kununua. Hilo sikumfundisha mimi.

Hapo nikawaletea uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Wataalamu walichunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani yetu, wakaona kuwa wengi walikuwa na asili ya pande mbili: Afrika, zaidi kwa upande wa wanawake, na Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa wanaume, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi wale waliokuwa wakidai Ushirazi hawakuwa wakisema uongo mtupu, na wale waliosema kuwa Waswahili ni Waafrika hawakuwa wakisema uongo pia. Yule msichana akauliza swali jengine: tarikhi inahesabu wafalme, baba na mwana, baba na mwana, na mama zao walikuwa nani? Tukaandika swali hilo kwenye jalada la daftari lake.

Ibn Battuta alitupa vikao vitatu, na ningeweza kumpa sita. Yeye alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kwa hivyo yuko safu ya KAONA. Lakini safari zake aliziimlisha zikaandikwa na mtu mwengine, na kitabu kilimalizika mwaka 1355, miaka 24 baadaye. Je, wewe unakumbuka ulichokula miaka miwili iliyopita? Yeye anakumbuka vizuri sana chakula cha Mogadishu: wali wa samli katika sahani kubwa ya mti, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi, na maembe. Tuliupika mlo huo wote. Kabla ya kula niliwauliza: pilipili hii nyekundu iliyomo mezani, Ibn Battuta aliila? Ikabidi watafute. Wakakuta kuwa pilipili kali ya namna hiyo asili yake ni Amerika, na haikufika kwetu ila baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Basi iliyotajwa na Ibn Battuta haina budi kuwa pilipili manga. Watoto waliiondoa mezani kwa fahari kubwa, na baba zao wakairudisha.

Kilwa pia alituachia kitendawili. Anausifu mji kwa uzuri, na anasema umejengwa kwa mbao. Lakini magofu yaliyopo mpaka leo ni ya mawe, na jumba kubwa la Husuni Kubwa linahusishwa na sultani yule yule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Nani tumwamini, mtu au mawe? Mmoja alisema kuwa labda watu wa kawaida walikaa katika nyumba za miti, na magofu ni ya matajiri tu. Mwengine akasema kuwa labda alisahau. Sikuwapa jawabu. Mwalimu wa darsa kama hii lazima ajizuie kutoa majawabu.

Sultani huyo anasifiwa kwa ukarimu, na Ibn Battuta anasimulia namna alivyompa fakiri mmoja nguo alizokuwa amevaa, kisha akaongeza pembe za ndovu na watumwa. Tulipofika hapo mtoto wa miaka kumi akanyanyua mkono. "Hao watumwa nao walikuwa karimu, au walitolewa tu?" Kisha, kabla sijajibu, "Bibi, na sisi tulikuwa nao?"

Ndugu zangu, nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu. Chumba kilinyamaza. Jamaa mmoja mkubwa aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alisema kwa sauti ya chini kuwa watoto hawana haja ya mambo hayo. Mimi nilimjibu mtoto kuwa ndiyo, katika ukoo wetu walikuwemo waliomiliki watu. Na walikuwemo waliomilikiwa, kwani mama wa bibi yangu aliletwa kutoka bara akiwa mdogo, hata jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Nikamwambia aandike katika safu ya KASIKIA, kwa sababu mimi niliambiwa na bibi yangu. Akaandika.

Kwa jambo hili tulisoma vitabu viwili kwa pamoja, na sijaona jozi bora kuliko hiyo. Kimoja ni cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Watoto wanampenda mara moja, kwani alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Lakini mwandishi huyo huyo ana mlango mzima wa kuutetea utumwa wa kwetu. Kitabu cha pili ni Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Baba yake Mbotela alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na familia ilikaa Frere Town karibu na Mombasa. Yeye anawasifu mno Waingereza waliowakomboa.

Tuliviuliza vyote viwili maswali matatu yale yale. Nani anasema? Alijuaje? Anataka nani amsikie? Watoto waliona wenyewe kuwa binti wa mfalme aliandika kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya waliokuwa wakiwatukana watu wake, na kwamba mtoto wa aliyekombolewa aliandika akiwa na deni la shukurani. Kila mmoja anasema kweli katika aliyoyaona, na kila mmoja ana pahala anapogeuza uso. Mtoto aliyefahamu hilo hatadanganywa kwa wepesi na kitabu, wala na simu yake.

Mambo mengine tuliyapita mbio kwa sababu yanajisomea wenyewe. Fort Jesus iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo kitabu kimoja kinasema vilichukua dakika 38 na chengine 45; watoto walibishana juu ya nani alikuwa ameshika saa. Mwaka wa Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, ambao baadhi ya vitabu vinauandika 1832 na vyengine 1840. Niliwauliza: mtu anahama siku gani, siku anayojenga nyumba, au siku anayoacha kurudi alikotoka? Swali hilo lilizungumzwa na wazazi kuliko watoto, na mnajua kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mwisho wa darsa umo mwaka 1964. Kitabu hiki kinasomwa na familia ambazo siku ya tarehe 12 Januari zilipoteza baba, nyumba na nchi. Kinasomwa pia na watu waliooleana nasi, ambao wazee wao walipata siku ile kitu walichokuwa hawajapata kupewa. Kwa miaka yote hii tumeishi kwa adabu ya kutolitaja jambo hilo penye watu. Matokeo yake ni kuwa watoto wanaokota vipande: ghadhabu ya huyu jikoni, kejeli ya yule garini, na yaliyobaki wanayapata katika simu kutoka kwa watu wasiojulikana sanadi yao.

Kwa walio na miaka 14 na zaidi tulichukua Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi Adam, ya mwaka 1978, inayowatazama mabwana kwa macho ya watumishi. Pamoja nayo tukasoma sehemu za kitabu cha G. Thomas Burgess cha mwaka 2009, ambamo Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad wanaeleza maisha yao kila mmoja kwa upande wake. Wenye hamu ya riwaya walipewa Peponi, ya Abdulrazak Gurnah aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri yake ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022, nayo inaeleza maisha ya pwani na bara kabla ya haya yote.

Kisha nikawaalika wazee wawili. Mmoja alikuwa na miaka minane wakati huo, wa Mjini, na baba yake alichukuliwa. Wa pili alikuwa na miaka kumi, wa shamba, na baba yake baadaye alipewa eka tatu. Masharti yalikuwa manne, na nawausia myachukue kama yalivyo. Kila mzee asimulie alichokiona kwa macho yake tu, na alichokisikia aseme kuwa amekisikia. Asitaje jina la mtu kwa ubaya. Asikatizwe. Na watoto ndio wa kuuliza, si watu wazima.

Wa kwanza alieleza kuwa mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache tu baadaye, na mama yake aliendelea kuweka sahani ya baba kila futari mpaka Idi. Wa pili alieleza siku baba yake alipowapeleka kuzunguka mipaka ya zile eka tatu kwa miguu, wote wakiwa kimya, na kwamba baba huyo alikuwa akipanda mihogo ya watu tangu utotoni. Mtoto aliuliza, "Nyinyi wawili mlikuwa mnajuana?" Hawakuwa wakijuana. Mwengine akauliza, "Ardhi ile ilikuwa ya nani mwanzo?" Yule wa pili akasema hajui, na kwamba kwao hakuna aliyepata kuuliza. Yule wa kwanza aliangalia chini muda mrefu.

Sitawaambia kuwa walipatana. Kila mmoja alirudi nyumbani na msimamo wake, na vitabu vyenyewe havikubaliani hata juu ya idadi ya waliokufa. Lakini walikula sahani moja jioni ile, na watoto saba wamesikia pande mbili kutoka kwa waliokuwepo. Jamaa yangu wa dirishani, aliyesema watoto hawana haja, alibaki mpaka mwisho. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza kama kikao chengine kina nafasi ya mzee mmoja zaidi.

Wanaotaka kuanza waanze kidogo. Nyumba mbili zinatosha. Mwezi mmoja wa upepo na maneno, miezi miwili ya Kilwa na Ibn Battuta, miezi miwili ya Sayyida Salme na Mbotela, na mwezi wa mwisho kwa wazee wenu wenyewe. Vitabu vingi mtavipata kwa kuazima maktaba ya mtaa wenu. Ambavyo havipo, wakutubi watakutafutieni kwengine mkiomba. Msiwape watoto jambo la 1964 kabla hawajazowea safu tatu, maana bila ya hizo watabeba hasira tu. Wala msingoje mpaka wawe wakubwa mno. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 leo amepindukia sabini. Safu ya KAONA inapungua kila mwaka, na majina yake tunayasoma mwishoni mwa kitabu hiki hiki, katika ukurasa wa waliotangulia mbele ya haki.

Naomba kila nyumba itakayofanya darsa hii ituletee kwa ajili ya kitabu cha mwaka ujao kurasa mbili za daftari la mtoto, kwa mwandiko wake na makosa yake ya tahajia. Tusiyasahihishe. Mhariri amekubali kuyapa nafasi.

Wabillahi taufiki.